Mafuta ya mnanaa kwa bakteria wa tumbo: pepaminti, spiaminti, mnanaa wa mentholi au penirayo, uchukue lipi?

Nianze na jibu kwa mwenye haraka. Kama umepimwa na kweli una H. pylori, yule bakteria wa tumbo anayeleta vidonda, hamna chupa ya mafuta ya mnanaa itakayommaliza huyo bakteria, iwe pepaminti, iwe spiaminti, iwe yale makali ya kuchua. Kama shida yako ni tumbo kunyonga na kujaa gesi, lile linalovuruga miezi na miezi na vipimo vyote viko safi, hapo pepaminti ina kazi yake na inaifanya vizuri, ila ikiwa kwenye kapsuli maalum, sio matone kwenye glasi. Kama unasumbuliwa na kiungulia, pepaminti kaa nayo mbali, chai ya nanaa ya kawaida inakutosha. Na penirayo, ambayo ni mnanaa wenye sumu ya ini, usimeze kabisa, hata tone moja.

Sasa mwenye muda tukae tuongee vizuri, maana hili jambo nakutana nalo sana hapa kaunta ya dawa, mtu kaandikiwa dozi ya wiki mbili, vidonge kibao asubuhi na jioni, mdomo mchungu kutwa nzima, kichefuchefu, anafika katikati anaacha alafu anakuja kuulizia mafuta ya mnanaa kwasababu kaambiwa yanaua bakteria wa tumbo na hayana madhara. Akienda kuyatafuta anakuta chupa zote zina picha ya jani la kijani, bei zimeachana mbali, na hamna wa kumwambia kwamba mle ndani ni vitu tofauti kabisa ambavyo vinafanana harufu tu. Inaniuma kwasababu huyu mtu anaumwa kweli na anatafuta kupona kweli.

Habari ya kuua bakteria imetoka wapi

Haijatungwa. Mwaka 2001 watafiti wa Japani walichukua mafuta ya pepaminti, spiaminti na mnanaa wa Kijapani wakayajaribu kwa H. pylori, kwa Salmonella enteritidis, kwa E. coli O157:H7 ile inayoharisha damu, na kwa Staphylococcus aureus. Yote yalizuia bakteria kukua, na kadri dozi ilivyopanda ndivyo yalivyozidi kuzuia. Kitu kilichonivutia zaidi ni kwamba H. pylori waliokuwa sugu kwa antibayotiki walizuiwa karibu sawasawa na wale wasio sugu.

Na sababu inaeleweka. Mentholi na karvoni, ambazo ndio roho ya haya mafuta, zinapenda kukaa kwenye mafuta, na utando unaofunika seli ya bakteria umejengwa kwa mafuta pia, kwahiyo zinajipenyeza mle, utando unalegea, vya ndani vinavuja. Antibayotiki kama klarithromisini inashika sehemu moja tu ndani ya bakteria, sasa bakteria akibadilika kidogo pale pale inaposhika, dawa inakuwa haina pa kukamata. Mafuta hayategemei sehemu moja namna hiyo ndio maana usugu wa antibayotiki hauyasumbui sana.

Mpaka hapo aliyekwambia mnanaa unaua bakteria yuko sahihi kabisa. Shida inaanza kwenye safari ya kutoka sahani ya maabara mpaka kwenye ukuta wa tumbo lako.

Chukua glasi ya maji, dondoshea matone matatu, alafu ishike kwenye mwanga uangalie kwa ubavuni. Hayazami wala hayachanganyiki, yanakaa juu vijiduara vinavyong'aa, ukikoroga kwa nguvu yanavunjika vipande vidogo vidogo na ukiacha kidogo tu yanaanza kukusanyika tena. Ukinywa hiyo glasi funda la kwanza linabeba karibu mafuta yote, linachoma midomo, ulimi na koo, na maji yanayofuata ni maji tu yenye harufu. Maabara hawafanyi hivyo, wanayachanganya kwenye chakula cha bakteria kwa ustadi ili kila bakteria aguswe, na H. pylori anavyokua taratabu inabidi akae na mafuta hayo kwa siku kadhaa kabla hawajasoma majibu.

Alafu piga hesabu. Chukulia kiwango cha 0.1%, ambacho kwa majaribio ya mafuta haya sio kikubwa. Tumbo lenye nusu lita ya chakula na maji litataka nusu mili ya mafuta, yani matone 10 mpaka 15 hivi, na yawe yamechanganyika kila kona, na yabaki pale pale masaa kwa masaa. Tumbo halifanyi hivyo, maji uliyokunywa sehemu kubwa inakuwa imeshateremka kwenye utumbo ndani ya nusu saa hivi. Na matone 15 ya pepaminti kwenye tumbo lenye kidonda, jamani, hayo ni mateso mengine.

Na bado hatujamfikia bakteria mwenyewe. H. pylori haelei kwenye maji ya tumbo akisubiri kuguswa. Ana mikia anayoogelea nayo, anajichimbia ndani ya ute mzito unaolinda ukuta wa tumbo, na anatengeneza kimeng'enya kinaitwa yureasi kinachogeuza urea kuwa amonia, amonia inazima asidi pale alipo, anaishi kwa amani mahali ambapo wengine wanakufa. Hata antibayotiki za uhakika zinamhangaisha daktari kwasababu ya hayo makazi, ndio maana zinatolewa mbili au zaidi kwa mpigo pamoja na dawa ya kupunguza asidi. Matone matatu yanayoelea juu ya maji hayafiki kule.

Sasa tuzilinganishe chupa zenyewe

Pepaminti ndiyo maarufu. Kwenye chupa tafuta jina Mentha piperita, huu ni mnanaa chotara uliotokana na mnanaa wa majini na spiaminti, na mafuta yake yana mentholi kama 30% mpaka 55%, kinachofuata ni mentoni. Nguvu yake iliyothibitishwa vizuri kwa binadamu ni kulegeza misuli laini ya utumbo, kuua bakteria sio habari yake kubwa. Mentholi inazuia kalsiamu isiingie kwenye hiyo misuli na msuli usipopata kalsiamu haujikunji kwa nguvu, kwahiyo tumbo linaacha kunyonga. Japani wamefika mbali zaidi, madaktari wananyunyiza mentholi ndani ya tumbo wakati wa kipimo cha kamera ili tumbo litulie na waone vizuri.

Kwa wale wenye utumbo unaovurugika bila kidonda wala bakteria, leo kuhara, kesho choo kigumu, gesi muda wote, pepaminti imefanyiwa majaribio ya kutosha kwa watu kiasi kwamba mwongozo wa madaktari wa tumbo wa Marekani wa mwaka 2021 unaitaja kama kitu cha kujaribu. Ila wanachozungumzia ni kapsuli yenye ganda lisiloyeyuka kwenye asidi, kila moja ina mafuta 0.2 ml hivi, mara tatu kwa siku kabla ya kula. Na hapa naomba usome taratibu: ganda hilo limetengenezwa makusudi lipite tumboni bila kufunguka, lifungukie kwenye utumbo mdogo. Yani ile namna salama zaidi ya kumeza mafuta ya pepaminti ni ile ambayo haimgusi kabisa H. pylori, kwasababu yeye anakaa tumboni na mafuta yanafunguka akiwa ameshaachwa nyuma. Ukinunua hizo kapsuli kwa ajili ya H. pylori umenunua kitu kizuri kwa kazi isiyo yake.

Kuna jambo jingine kwenye kapsuli watu hawaambiwi. Ganda linajua liko wapi kwa kupima asidi. Ukimeza omeprazoli au dawa za kutafuna za kupunguza asidi, tumbo linakuwa na asidi kidogo, ganda linadhani limefika utumboni linafunguka mapema, na unaanza kucheua mnanaa wenye moto. Wengi wenye vidonda vya tumbo wako kwenye omeprazoli, kwahiyo muulize mfamasia kabla hujachanganya.

Na kiungulia. Kati ya koo la chakula na tumbo kuna msuli wa duara unaofunga mlango asidi isipande. Pepaminti hailegezi utumbo tu, inalegeza na huo mlango. Mtu ana kiungulia anakunywa pepaminti ya matone, anahisi ubaridi mzuri dakika chache, usiku akilala asidi inapanda mpaka kooni, kesho anaongeza matone. Hili nimeliona mara nyingi mno na mtu huwa hahisi kabisa kwamba tatizo ni ile chupa.

Spiaminti ni Mentha spicata, na mnanaa mbichi unaofungwa mafungu sokoni, ule wa kutia kwenye chai na chatne, kwa kawaida ni wa jamii hii. Harufu yake ni tamu tamu, haina ule ubaridi wa kupasua pua, kwasababu mentholi ndani yake ni kidogo sana, kilichojaa ni karvoni, mara nyingi zaidi ya nusu ya mafuta yote. Kwenye lile jaribio la Japani nayo ilizuia bakteria, kwahiyo anayekwambia spiaminti ni ya mapambo tu haijui. Faida yake kubwa kwa mtu wa kawaida ni upole. Kuna jaribio la 1999 lililowapa watu wazima wenye afya spiaminti na kupima ule msuli wa mlango wa tumbo, msuli haukulegea na asidi haikuongezeka kupanda. Lakini dozi ilipokuwa kubwa baadhi walipata kiungulia vilevile, kwasababu mafuta yenyewe yanakwaruza kuta. Kwahiyo upole huo uko kwenye majani na chai, ukimeza mafuta matupu umeupoteza.

Tukiwa kwenye chai hapo hapo, naomba hesabu nyingine fupi. Majani makavu mazuri ya pepaminti yana mafuta kama 1.2% hivi. Kijiko cha gramu 1.5 kinabeba mafuta chini ya mili 0.02, yani hata tone moja zima halijafika, na maji ya moto yanatoa sehemu tu ya hayo, mengine yanabaki kwenye majani au yanapaa na mvuke. Ndio maana chai ya nanaa haina shida kwa watu wengi, na ndio maana pia haiwezi kuua bakteria. Inywe kwasababu ni tamu, inatuliza kichefuchefu cha dawa na inakusaidia kunywa maji ya kutosha. Hizo ni sababu nzuri na zinajitosheleza.

Mnanaa wa mentholi, wengine wanauita mnanaa wa Kijapani, kwenye chupa unaandikwa Mentha arvensis. Leo unalimwa kwa wingi mno India, hasa jimbo la Uttar Pradesh, na ndio unaotoa yale mawe meupe ya mentholi yanayouzwa kwenye vipakiti. Mafuta yake ghafi yanaweza kuwa na mentholi 70% na zaidi. Wanayagandisha kwa baridi, mentholi inajitenga kama vioo vidogo, wanaitoa wanauza peke yake, na mafuta yaliyobaki ambayo bado yana mentholi ya kutosha yanauzwa kwa bei nafuu. Haya yaliyobaki ndio mara nyingi unakuta kwenye chupa ya bei ya chini iliyoandikwa pepaminti kwa herufi kubwa. Harufu inakaribiana kiasi kwamba pua ya kawaida haitofautishi, kwahiyo usinuse, soma jina la mmea, na kama chupa haina jina la mmea basi ichukulie kama ya kupaka tu.

Kwenye maabara haya hayako nyuma, mentholi ni mentholi. Ila mimi namwambia kila mtu huu ni wa nje: kuchua kifua, misuli, kichwa kikiuma, tena ukiwa umechanganywa na mafuta ya nazi. Ukimeza unachukua ukali wote wa pepaminti bila zile tafiti za kapsuli nyuma yake. Na yale mawe kabisa, kipande kidogo kama punje ya mchele kimebeba mentholi tupu, sielewi mtu anapata wapi ujasiri wa kuyeyusha kwenye chai ya mtu mwenye vidonda.

Sasa penirayo, Mentha pulegium. Huu nao ni mnanaa, una harufu nzuri, na mafuta yake yakipimwa kwenye sahani yanazuia bakteria kama wenzake, kwahiyo ukisoma matokeo ya maabara peke yake utaona ni chaguo sawa tu na mengine. Ndani yake umejaa pulegoni. Pulegoni ikifika kwenye ini inageuzwa kuwa sumu inayomaliza kinga za seli za ini, na seli zinakufa. Mwaka 1978 kule Colorado, Marekani, msichana wa miaka 18 alikunywa kama mili 30 za mafuta haya, ini likaharibika na akafariki ndani ya wiki, hospitali walishindwa kumuokoa. Mafuta haya tangu zamani yanatajwa kwa wanawake kama ya kuleta hedhi au kutoa mimba, na kwa bahati mbaya bado yanatajwa. Dada yangu unayesoma hapa, tafadhali usiguse. Dozi inayofikia huko ni ile ile inayofikia ini.

Kuna na mnanaa pori wa nyanda za juu, ule mrefu wa kandokando ya mito na maji, Mentha longifolia. Bibi zetu wameutumia kwa mafua na tumbo kama majani ya kuchemsha na sina neno kwa hilo. Kukamua mafuta yake na kumeza ni jambo lingine, mmea huu hubadilika sana kutoka sehemu moja hadi nyingine na baadhi unabeba pulegoni nyingi, na kwa macho huwezi kujua.

Ukiniuliza nani mshindi

Inategemea unashindanisha nini. Kwenye sahani ya maabara pepaminti na mnanaa wa mentholi na spiaminti wote wanapata alama. Kwa kutuliza tumbo linalonyonga, pepaminti ya kapsuli imewaacha wengine mbali. Kwa mtu wa kiungulia, majani ya nanaa. Kwa kuchua, mnanaa wa mentholi, bei nafuu na kazi ileile. Kwa H. pylori ndani ya tumbo la binadamu, hamna mshindi hapo, wote wanabaki nje ya mlango.

Tena kama ni mashindano ya mafuta ya mimea dhidi ya H. pylori, mnanaa hauko hata mbele. Mwaka 2003 watafiti wengine wa Japani walijaribu mafuta 13 ya mimea mbalimbali, na aliyeng'ara ni mchaichai, huu huu wetu wa chai, ambao uliua H. pylori kwa 0.01% kwenye mazingira yenye asidi, na hata walipomrudisha bakteria kwenye mafuta hayo mara kumi mfululizo hakuwa sugu, wakati kwa klarithromisini alikuwa sugu. Wakaenda mpaka kwa panya, na panya waliopewa mchaichai bakteria tumboni walipungua. Walipungua, na kupungua sio kuisha, na panya sio mtu. Nafurahi sana kuona watu wanafanya hizi kazi kwasababu usugu wa antibayotiki unakua na dawa mpya zinahitajika, ila dawa ya kesho haimtibu mgonjwa wa leo.

Kabla ya kununua chochote, jua una nini

Hapa ndio nakaa muda mrefu na watu. Sio kila maumivu ya chembe ya moyo ni H. pylori. Wako wanaomeza diklofenaki na ibuprofeni kila siku kwa mgongo na magoti, na hizo ni sababu kubwa ya vidonda vya tumbo, sasa huyo hata umpe mafuta yote ya dunia bakteria wa kuua hamna, anatakiwa aonane na daktari abadilishiwe dawa ya maumivu. Wengine ni kiungulia tu. Na pilipili na mawazo vimelaumiwa miaka mingi mpaka Barry Marshall na Robin Warren kule Perth, Australia, walipomtambua huyu bakteria mwanzoni mwa miaka ya 1980. Watu hawakuwaamini, mwaka 1984 Marshall akamnywa bakteria mwenyewe, tumbo likamvurugika na kipimo kikaonyesha bakteria yuko mle, na mwaka 2005 wote wawili wakapewa tuzo ya Nobel. Mwaka 1994 H. pylori aliingizwa kwenye orodha ya vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Ndio maana sikubali mtu aahirishe dozi kwa ajili ya matone.

Vipimo navyo vina ubora tofauti. Kile cha damu cha haraka, tone la damu kwenye kidole na mistari miwili, kinaangalia kama mwili wako uliwahi kupambana na huyu bakteria, na kinaweza kubaki chanya muda mrefu hata baada ya kupona, kwahiyo mtu anatibiwa mara mbili tatu kwa ugonjwa ambao hana. Bora kipimo cha choo kinachotafuta vipande vya bakteria mwenyewe, au cha pumzi ambacho kinatumia ule ujanja wake wa kugeuza urea, au kamera kama daktari ameona haja. Kwa cha choo na cha pumzi acha omeprazoli wiki mbili kabla na uwe hujatumia antibayotiki wiki nne, la sivyo kinaweza kusema huna wakati unaye. Kama omeprazoli umeandikiwa kwa sababu nyingine, usiache bila kumuuliza aliyekuandikia.

Dozi ikishaandikwa, iwe ile ya omeprazoli na amoksilini na klarithromisini, au ile yenye bismathi, tetrasaiklini na metronidazoli, mara nyingi ni siku 14 na kila siku ina maana. Anayeacha katikati anabaki na bakteria wale wagumu. Mdomo mchungu ni kawaida na unaisha ukimaliza. Kichefuchefu mwambie daktari au mfamasia, kuna namna ya kupanga na chakula. Bismathi inafanya choo kiwe cheusi, usiogope ukiijua, lakini kama hutumii bismathi wala vidonge vya madini ya chuma na choo ni cheusi kama lami, au unatapika damu, au unakonda bila sababu, au chakula kinakwama, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Kwa mtoto anayeharisha pia usiende kwenye mnanaa, ni maji ya chumvi na sukari ya pakiti na zinki, na kama kuna damu ni hospitali.

Na kwa kuwa chupa hizi zinakaa nyumbani, niseme la watoto. Chini ya miaka miwili usipake chochote chenye mentholi karibu na pua wala kifuani, inaweza kufunga njia ya hewa ghafla. Kwa kichanga ni zaidi, kuna watoto wanazaliwa na upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu, na upungufu huo ni wa kawaida kwenye maeneo ya malaria kama pwani yetu, na Nigeria walishaonyesha tangu 1980 kwamba mentholi iliyopakwa watoto hao, hata kwenye kitovu, inahusika na ugonjwa wa manjano. Mama mjamzito na anayenyonyesha chai ya nanaa ya kawaida haina shida, mafuta ya kumeza aache.

Ukiwa kwenye dozi na unapenda mnanaa, kunywa chai yako ya nanaa, ila kama una kiungulia isiwe ya pepaminti, na kapsuli za pepaminti weka pembeni mpaka umalize omeprazoli. Dozi ikiisha usikimbilie kupima kesho yake hata kama unajisikia vizuri, subiri wiki nne kamili, omeprazoli iwe imeachwa wiki mbili, alafu rudia kipimo cha choo au cha pumzi, sio kile cha kidole. Kikirudi chanya usirudie dozi ileile, mwambie daktari ulishatumia zipi, abadilishe mchanganyiko.